Bati Chini ya Lami

Jumapili, 5 Januari

Nimekwangua boti tangu asubuhi. Ubavu wa kushoto bado. Wa kulia umeanza kuonyesha mbao, lakini mbao gani hiyo, nyeusi kama sufuria ya shule. Harufu ni ile ile. Samaki walioza humu, mafuta yao yakaingia ndani ya mbao, na jua likitoka tu yanaamka. Nimefunga leso puani. Haisaidii. Leso nayo sasa inanuka.

Mimi samaki sili. Tangu utotoni. Sasa samaki wamehamia nyuma ya jikoni kwetu bila wao wenyewe kuwepo.

Jioni nimetoa magamba kwenye nywele. Mimi, mwenye saluni.

Jumatatu, 6 Januari

Nilikuwa namsuka mwalimu mmoja, akageuka akauliza kama kuna mtu anapika omena hapo karibu. Nikasema ndiyo, jirani.

Nimenawa kwa ndimu, kwa sabuni ya unga, kwa mafuta taa. Kucha zimekuwa za mtu wa gereji. Najichukia nikizitazama.

Jumatano, 8 Januari

Mama Brayo wa ploti ya pili amechungulia juu ya ua. Ati nangoja gharika? Kila mtu Kitale anadhani yeye ndiye wa kwanza kumfikiria Nuhu. Nikaendelea kukwangua.

Ningemjibu nini? Kwamba sikuitaka? Boti ni ya Mjomba Wafula, kaka wa Mama aliyebaki Mkristo Mama aliposilimu, lakini Idi ndugu yangu ndiye alikuwa akiivulia ziwani kule Port Victoria, na ndiyo aliyozama nayo mwaka juzi. Ikavutwa ufukweni, ikaachwa. Watu wakaanza kung'oa mbao zake wapate kuni. Mjomba akasema basi chukueni, iwe ukumbusho. Lori lake lilikuwa linakuja Kitale kubeba mahindi. Likaibwaga hapa kama ng'ombe aliyekufa.

Ukumbusho. Nani anaweka ukumbusho wa namna hiyo nyuma ya jikoni? Nilitaka kuichoma. Mama akakataa. Alisema itengenezwe irudi ziwani, Nafula mke wa Idi awe anawakodishia wavuvi, wale watoto wawili wapate kula. Kusema ni rahisi. Fundi wa boti Kitale nitamtoa wapi? Hapa watu wanajua mahindi. Kwa hiyo fundi ni mimi, na video za kwenye simu, na patasi ya marehemu Baba ambaye alikuwa anatengeneza viti.

Jumamosi, 11 Januari

Panya. Nimeinua ubao wa mbele nikakuta wamezaa. Vitoto vyekundu, bila manyoya, vinapapasa juu ya kipande cha wavu. Nimetapika hapo hapo, ndani ya boti. Halafu nikalazimika kusafisha matapishi pia.

Mchana Mjomba akaja kutoka Myanga, kijijini kwao, amevaa koti, amebeba mkungu wa ndizi. Akazunguka boti mikono nyuma kama mtu anayekagua shamba. Kazi nzuri, mpwa wangu. Kazi nzuri sana. Mama akamtolea chai kwenye ile glasi ya wageni.

Na akaanza tena. Hakuna aliyemwuliza.

"Boti hii ilikuwa nzima, dada. Kama ingekuwa mbovu ningempa mtoto wako? Ni ile pombe tu."

Kisha akashusha pumzi. Ni pumzi ile ile kila mara. Mama alitazama sakafu mpaka akamaliza.

Maneno hayo ya pombe aliyasema mara ya kwanza siku ya mazishi, amesimama katikati ya sebule yetu, watu wa msikitini wamejaa. Ati Idi alikuwa peke yake, anarudisha boti kutoka ng'ambo ya ziwa, amelewa. Watu walimwosha Idi, wakamswalia, wakamzika. Hakuna aliyetuambia neno. Hawakuhitaji. Tangu hapo Mama haendi darsa la wanawake. Anasema magoti. Sokoni magoti hayo hayo yanampeleka vizuri tu.

Mimi sikuwahi kumwona Idi amelewa. Lakini alikuwa mbali. Nilijua nini?

Jumapili, 12 Januari

Nimewaita vijana wa kazi kutoka mtaa wa Kipsongo, tumeigeuza boti. Chini yake kulikuwa na maji ya kijani, jongoo, na kitu kilichokuwa chura. Vijana walicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Wakaenda. Nikaanza kubandua lami ya chini. Nzito kama mkate. Inashika kisu, inashika nguo, inashika ngozi. Karibu na katikati, pembeni ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, lami ilikuwa nene zaidi kuliko kwingine kote. Nikagonga. Sauti tofauti. Nikabandua: saruji. Nani anaweka saruji kwenye boti? Nikavunja saruji. Chini yake bati, limepigiliwa misumari. Upande mmoja misumari imeng'oka na bati limejikunja.

Nikaling'oa lote. Mbao chini yake si mbao. Bisibisi iliingia kama kwenye parachichi. Na pale bati lilipojikunja kuna tundu. Kiganja changu kimepita.

Nikaligeuza bati. Lina rangi. Njano, na maandishi mekundu. Naijua rangi hiyo tangu nikiwa mdogo, nilikuwa nikitumwa pale kununua chumvi kila tukienda ushago, Myanga. Ni kibao cha zamani cha duka la Mjomba. DUKA LA WAFULA. Kimekatwa kwa mkasi wa mabati, zimebaki herufi nne tu.

WAFU.

Nimekaa chini kwenye matope. Nimenuka hivyo hivyo mpaka giza likaingia.

Jumatatu, 13 Januari

Sikula. Saluni nimefungua nikafunga.

Nimempigia Nafula. Nikamwuliza polepole, kama Idi aliwahi kusema chochote kuhusu boti. Nikamsikia akiwatoa watoto nje. Kisha akasema Idi alikuwa akilalamika kwamba boti inakunywa maji, anachota mpaka mgongo unauma. Alimwambia Mjomba. Mjomba akasema imeshatengenezwa, aende. Akaenda.

Nikamwuliza na pombe. Akasema, "Wifi, Idi alikuwa akisikia harufu ya busaa anaumwa kichwa. Nilisema. Si mlikuwa mnaniona siku ya mazishi nimekaa pale na watoto? Nani alinisikiza?"

Ni kweli alikuwa amekaa pale. Karibu na mlango. Namkumbuka.

Jumatano, 15 Januari

Myanga. Bati nimelibeba kwenye gunia. Mbele ya duka sasa kuna kibao kipya, kikubwa, na taa juu yake.

Mjomba alikuwa nyuma ya kaunta anakula njugu. Akafurahi kuniona. Akaniuliza habari za boti. Nikatoa bati nikaliweka juu ya kaunta, maandishi juu. Akamtuma mfanyakazi wake akanunue maziwa. Maziwa yalikuwepo. Niliyaona.

"Hii ni nini, Mjomba?"

"Bati."

"Limetoka wapi?"

Aliendelea kutafuna. Maganda ya njugu yamemganda mdomoni. Siwezi kuyatoa akilini maganda hayo.

"Salama, mpwa wangu, kira boti iko na kiraka. Uliza mtu yeyote kule raki."

Raki. Anamaanisha leki, ziwani. Siku nyingine ningecheka.

Nikasema hiki si kiraka, ni shimo lililofunikwa. Akasema msimu wa omena ulikuwa umepamba moto. Fundi alitaka boti ilale nchi kavu mwezi mzima. Yeye Mjomba alijua itavumilia mpaka msimu uishe. Alisema "itavumilia" kama mtu anayezungumzia viatu.

"Na pombe?"

Akapangusa kaunta kwa kiganja. Akasema, "Watu wangeuliza. Si ilibidi niseme kitu?"

Basi. Hivyo tu. Ilibidi aseme kitu, akachukua jina la ndugu yangu akazibia, na Mama akaimeza aibu hiyo mpaka leo. Nikamwambia Jumapili aje amwambie Mama kwa mdomo wake. Akasema Mama ana presha, nataka kumwua? Nikasema asipokuja, Jumapili inayofuata nitaingia kanisani kwake na bati hili mkononi, pale mbele anapokaa na wazee wenzake.

Akanipa soda nikiondoka. Nimeiacha kwenye ngazi.

Alhamisi, 16 Januari

Sijamwambia Mama. Ameuliza nimekuta nini chini ya boti. Nimesema uozo.

Ijumaa, 17 Januari

Boti sijaigusa. Mvua kidogo, isiyo ya wakati wake. Imelala kichwa chini na tundu lake linatazama mbinguni. Nimelifunika kwa karatasi ya nailoni, si kwa ajili ya mvua. Sitaki kuliona nikiosha vyombo.

Jumapili, 19 Januari

Alikuja. Nilidhani hatakuja.

Alikuja na suti yake ya kanisani. Mama akafurahi, akamtolea glasi ile ile, akamwekea chai. Mjomba akaongea kuhusu mbolea. Akaongea kuhusu mapenzi ya Mungu. Akarudi kwenye mbolea. Nikaingia chumbani nikaleta bati, nikaliweka mezani kando ya chai.

Mama akalishika. Akasema, "Hili si la duka? Mbona limekatwa?"

Hapo ndipo Mjomba akasema. Aliiambia sakafu, si Mama. Fundi, omena, saruji, lami. Alisema yote. Hilo namkubalia. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, Mama aliuliza kitu kimoja tu.

"Idi alikuwa amelewa?"

"Hapana, dada."

"Ulimwona?"

"Alipita kwangu asubuhi ile, kwenye kambi ya wavuvi. Alikunywa uji. Alikuwa mzima."

Mama akainuka. Akachukua ile glasi ya chai, haijaguswa, akatoka nayo nje, akaimwaga kwenye majani. Akaisuuza bombani. Akaifuta. Akairudisha kabatini. Yote polepole. Mjomba anatazama. Kisha Mama akasema, "Nenda nyumbani, Wafula."

Sijawahi kumsikia akimwita jina. Siku zote ni kaka.

Mjomba akalia. Makamasi yakamtoka, akayafuta kwa kitambaa chetu cha meza kile Mama alichofuma. Hata kilio chake kimenitia kinyaa. Nilitaka ahisi vibaya, na alipohisi vibaya nilitaka atoke tu. Akatoka.

Kitambaa nimekichemsha.

Jumatatu, 20 Januari

Mama ameswali, ameosha mchele, ameuacha kwenye maji.

Jumanne, 21 Januari

Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba. Ametoa ile nailoni. Mkono wake uko ndani ya tundu mpaka kifundo. Nilirudi ndani kabla hajaniona.

Ijumaa, 24 Januari

Lori la Mjomba limekuja. Si kwa mahindi. Limeleta mbao za mvule, ndefu, kavu, safi. Mbao kama hizo Kitale sizipati. Nikamwambia dereva azirudishe alikozitoa. Akaanza kupiga simu, mimi napiga kelele, Mama Brayo yuko juu ya ua kama kawaida. Mama akatoka.

"Shusha," akamwambia dereva.

Nikasema sitaki kugusa mbao za mtu yule. Nikasema mikono yangu imeshika uchafu wake wa kutosha. Nikasema na mengine siyaandiki hapa.

Mama akanisubiri nimalize. "Watoto wa Idi watakula hasira yako?"

Dereva akashusha.

Zinanukia vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili, 2 Februari

Ubao wa kwanza nimeukata mfupi. Nimetukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kibukusu, Mama akacheka. Kicheko cha kwanza tangu siku ile, kwa hiyo nikatukana tena.

Wa pili haukutaka kupinda. Kwenye video wanaufunika kwa vitambaa vya maji moto, unapinda kama mkeka. Wangu ulipasuka kwa sauti ya bunduki. Wa tatu tukaupa maji moto asubuhi yote, sufuria baada ya sufuria, Mama ameshika ncha hii mimi nimeshika ile, tunausukuma kwa magoti. Ukaingia. Si vizuri sana. Mtu anayejua ataona. Lakini umelala pale pale penye tundu, na chini yake hakuna bati.

Mama hafungi leso puani. Nikamwuliza anawezaje. Akasema nguo za Idi zilikuwa zikinuka hivi akija Idi-el-Fitri. Alikuwa anazifua mwisho, peke yake, wakati mimi nimeshakimbia.

Bado inanitapisha. Lakini sikuvaa leso leo mchana.

Ijumaa, 7 Februari

Mama ameenda darsa. Kavaa buibui jipya. Sijui alisema nini huko. Alirudi, akaomba maji, akalala.

Jumamosi, 8 Februari

Bi Fatuma wa karibu na msikiti ametuletea chapati, zimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa na maneno matamu. Huyu huyu alikuwa akivuka barabara akimwona Mama. Chapati sikuzigusa. Mama alikula mbili na akasema zina mafuta mazuri.

Mimi siko hivyo. Sijui nitakuwa hivyo lini.

Jumamosi, 15 Februari

Nyufa zote nimejaza pamba, nikaziba kwa lami mpya. Nimeungua mkono. Leo tumeiweka sawa, tukatia mpira wa maji ndani, tuone inavuja wapi. Mpango ni huu: kama maji hayatoki, hayataingia.

Yalitoka. Sehemu tatu, tone, tone. Kwenye ubao mpya hata moja. Nikaweka alama kwa chaki, nikamwaga maji, nikaanza tena na pamba. Nilikuwa na uchovu wa kulia. Ningeweza kupaka lami nene juu yake na hakuna ambaye angejua.

Nikatoa pamba yote ya sehemu zile. Nikarudia.

Alhamisi, 20 Februari

Port Victoria. Lori la kukodi, si la Mjomba.

Sipendi mahali pale. Utumbo wa samaki ufukweni, nzi, mbwa wenye vidonda, kundi la korongo marabu kama wazee waliofiwa. Wavuvi walizunguka boti wakaigonga gonga. Mzee mmoja akapitisha kidole kwenye ubao wangu uliopinda vibaya, akauliza fundi ni nani. Nafula akanionyesha. Yule mzee akanitazama mikono, akarudi kupitisha kidole kwenye ubao.

Walitaka nipande wakiisukuma majini. Nikakataa. Siogelei, na sitaki. Nafula alipanda, na mtoto mkubwa. Mdogo akabaki kwangu ameshika gauni langu kwa mikono yenye mafuta ya samaki.

Boti ikatikisika. Ikakaa. Nafula akainama, akagusa chini, karibu na mkuku, akainua mkono juu ili niuone.

Mkavu.

Nilimbeba yule mdogo. Alinuka vibaya sana.

Jumatatu, 24 Februari

Saluni imejaa. Kila mtu anataka kusuka kabla ya Ramadhani. Kucha zinaanza kurudi.

Mjomba amepiga simu. Mama aliiangalia ikilia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena, akapokea. Alisikiliza muda. Akasema, "Nimesikia," akakata. Sikuuliza. Akarudi kuchambua mboga.

Jioni muuza maziwa akaja na baiskeli yake, kijana mgeni, ameanza kupita mtaa huu wiki hii. Anamimina maziwa, Mama ameshika sufuria. Mama akamwambia, "Nilikuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa akinywa pombe."

Kijana akasimamisha kipimo hewani. Akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Pole, Mama," akasema.

"Asante," akasema Mama. Kijana akaendelea kumimina.